Fadhila za Uzembe: Hotuba ya Mtaalamu Aliyejitawaza Mwenyewe

Hadhira inakumbushwa, kabla hotuba hii adhimu haijaendelea, kwamba historia ya pwani ya Afrika Mashariki imefundishwa kombo kwa muda mrefu, kwa kuwa waliotangulia walidhani inatokana na wafalme, vita na biashara, ilhali Mtaalamu, ambaye cheo hicho alijitunuku baada ya kutafuta kwa makini na kukosa anayestahili zaidi, amegundua kwamba inatokana na uzembe. Taaluma hii mpya ameiita elimu ya upotevu, yaani uchunguzi wa vitu ambavyo watu wa kale waliviangusha, wakavivunja au wakavizamisha, kisha vikatiwa ndani ya kabati la kioo na kumulikwa taa.

Ushahidi wa kwanza uko Gedi, karibu na Malindi, mji wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 17, ambao magofu yake yalianza kuchimbuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman mwaka 1948. Nyumba zake kadhaa zilipewa majina ya vitu vilivyookotwa humo, kama vile Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma na Nyumba ya Kasha la Pembe. Fundi aliyechonga mawe ya matumbawe, akayashikamanisha kwa chokaa, akachimba visima na kupanga vyoo ambavyo mgeni wa leo huvistaajabia, hakuachiwa hata kibao, bali aliyesahau alikoweka mkasi amepata nyumba nzima. Kanuni inayofuata haina mpinzani: anayejenga husahauliwa, anayepoteza hukumbukwa.

Ushahidi wa pili uko Mombasa, ndani ya Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na ambayo Waomani waliizingira tangu 1696 hadi walipoitwaa mwaka 1698. Merikebu ya Santo António de Tanna, iliyotumwa kuwanusuru waliozingirwa, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, jambo ambalo manahodha huliona msiba lakini elimu ya upotevu huliita ukarimu, maana vitu vilivyoopolewa kutoka humo kuanzia mwaka 1977 vimeipamba makumbusho ya ngome hiyo. Vilevile, ukuta ambao askari wa Kireno waliuchorachora merikebu na watu umehifadhiwa kwa heshima, ilhali mtoto wa shule anayeandika jina lake hatua chache kutoka hapo huitiwa mlinzi; tofauti iliyopo, kwa hesabu za Mtaalamu, ni umri wa mkaa tu.

Wapo mahasidi wanaodai kwamba kigae cha bakuli la China ni ushahidi wa biashara ya Bahari ya Hindi, wala si wa mkono ulioteleza. Hao wanajibiwa kwamba bakuli zima halitupwi jaani, na kwamba adui mkubwa wa historia, kuliko moto na mchwa, ni mwenye nyumba anayefagia kila asubuhi.

Kwa maslahi ya vizazi vijavyo, Mtaalamu aliidondosha miwani yake kwa makusudi katika gofu mojawapo, ili nyumba hiyo ipate jina linalostahili. Lakini mfagizi wa mahali hapo, mtu asiye na shahada yoyote, alimfuata hadi langoni, akamrudishia, kisha akamweleza, bila kuulizwa, jinsi kuta zile zilivyojengwa na maji ya kisima yalivyokuwa yakigawanywa. Maelezo hayo, kwa kuwa hayakuandikwa kwenye kibao chochote, hayakuingizwa katika utafiti.