Shuka Sonatubes

Rwanda haiachi kichochoro bila mwenyewe: kijiji kina seli yake, seli ina sekta yake, sekta ina wilaya yake. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, jifanye umelala uone kama hakujulikani unakoishi. Sasa itafute Sonatubes, makutano ya barabara jijini, kwenye orodha ya sekta 35 za Kigali. Haimo. Mtaa wa Kisimenti nao haumo. Barabara zimepewa KG, KN, KK na tarakimu, vibao vimesimama kama askari wa gwaride. Mtajie dereva wa pikipiki tarakimu hizo, atakukodolea macho. Sema “Sonatubes”, kofia ngumu unayo kichwani. Enyi waungwana wa ramani, pakeni vibao rangi tu. Sisi abiria tunashuka Sonatubes.