Sifa za Kontena la Kambini

Wako waliotunga sifa za wafalme, wengine za majahazi, na wengine za minazi, na kila kilichosifiwa kilistahili; lakini sijapata kumsikia mtu aliyesimama kwa taadhima akalisifu kontena la kambini, sanduku lile la chuma ambalo wakandarasi wa barabara, wa reli na wa mabomba hulitua porini, wakalitoboa mlango na, penye ukarimu mwingi, kijidirisha, kisha wakawaambia vibarua kuwa hiyo ndiyo nyumba. Mimi niliyekuwa karani wa stoo katika kambi moja ya barabara ya mwambao wa kusini, nikalala ndani yake kiangazi na masika, naona ni deni juu yangu kulitimizia haki yake, maana nikinyamaza mimi niliyepikwa nalo, atasema nani?

Kwanza nasaba, kwa kuwa hapana mtukufu asiyeulizwa mababu zake. Kuukeni limetokana na nyumba za vipande, kama ile aliyoitengeneza Manning, seremala wa London, katika miaka ya 1830, ili mwanawe asafiri nayo hadi Australia. Kuumeni limetokana na bahari, kwani mwaka 1956 Malcom McLean wa Marekani alipakia makontena 58 katika meli iitwayo Ideal X, akayatoa Newark hadi Houston, na biashara ya dunia haikurudi tena kuwa kama ilivyokuwa. Mwaka 1989 Mmarekani mwingine, Phillip Clark, akapewa hataza ya namna ya kuyageuza makontena kuwa majengo ya kukalika. Hivyo ndivyo chombo kilichobuniwa kwa ajili ya shehena kilivyopanda cheo kikawa cha kuwekea watu, na insafu yatulazimu tukiri kuwa shehena haikupata kulalamika.

Sifa zake ndogo nitazipita mbio. Ni imara: mwaka 1898 simba wa Tsavo waliwakokota wajenzi wa reli ya Uganda kutoka mahemani mwao, ilhali mbele ya kontena wangevunja makucha, kweli upepo nao hukatazwa kuingia kwa amri hiyo hiyo, lakini mlinzi mwema hapendelei. Ni karimu wa maji: chuma kipoapo usiku, unyevu wa bahari na pumzi za waliolala hugeuka matone darini, na kabla ya alfajiri kila mtu amekwisha kunawishwa uso bila ya kuinuka kitandani. Ni rafiki wa amani: mvua ya masika ikilishukia, hata mgomvi mkubwa hunyamaza, kwa kuwa hasikiki.

Lakini sifa iliyo kuu, ambayo kwayo ningeomba lipewe nishani, ni usimamizi wake wa kazi. Jua likichomoza, chuma huanza kutanuka, na bati la juu likaalika mara moja, mara mbili, mara tatu, kwa sauti isiyokosea wakati wala kuhitaji kutiwa ufunguo. Asiyeamka kwa mlio huo ataamshwa na ukuta, ambao ifikapo saa tatu hauwekeki kiganja, na ifikapo saa tano mjusi mwenyewe amekwisha kuhama. Nyapara wa kibinadamu hula mshahara, hupokea kitu kidogo, husinzia chini ya mkorosho. Kontena halili, halihongeki, halisinzii. Nimemwona kwa macho yangu mtu aliyeshikwa na homa, ambaye katika nyumba ya udongo angeomba siku tatu za kujinyosha, akiingizwa humo asubuhi na kutoka kabla ya adhuhuri akiulizia sepetu lake, kwa sababu barabarani, penye jua kali lakini pana upepo, ndiko alikopata kuona nafuu. Dereva wa zamu ya usiku, aliyedhani mchana umeumbwa alale, lilimfunza kuwa usingizi ni anasa ya matajiri. Akiba nayo lilituhimiza, kwani nani atanunua mshumaa ujipinde au sabuni ya kunukia ilegee juu ya sanduku? Hata elimu ya nyakati lilitupa: tulijua saa kwa kugusa ukuta kwa kiwiko, na aliyebobea aliweza kutofautisha saa nne na saa nne u nusu kwa ukubwa wa lengelenge. Chuo gani kinafundisha hayo bila ya karo?

Hapo ndipo ningependa kuendelea kusifu, ila nakumbuka stoo yangu. Katika stoo ile kulikuwa na madebe ya rangi ya kuchorea barabara, na juu ya kila debe yaliandikwa maneno kwamba isiwekwe penye joto; basi mkandarasi, mtu mwenye kuheshimu maandishi, akaamuru rangi ijengewe banda la makuti, lililo wazi pande zote, upepo wa kusi uingie huku utokee kule. Rangi ilikaa kivulini. Sisi tulikuwa watu wanane katika chumba chenye urefu wa mita 6 na upana usiotimia mita 2 na nusu, bati tupu juu ya vichwa, na wala hatukuandikwa kitu mgongoni.

Tena si kweli kwamba hatukuandikwa. Mwaka 1961 Shirika la Kazi Duniani lilitoa pendekezo lake la 115 juu ya makazi ya wafanyakazi, likataja nafasi ya kila mtu, kitanda chake mwenyewe, hewa, na kinga dhidi ya joto na unyevu. Wakaguzi waliotujia waliyajua hayo. Walifika asubuhi na mapema, bati likiwa bado na umande, wakaketi katika kontena la ofisi, ambalo ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja na la kwetu, ila kuta zake ni za paneli zilizojazwa sponji ngumu na lina viyoyozi viwili, hata mimi nikipeleka daftari nilitoka natetemeka. Wakanywa soda, wakachungulia mlangoni kwetu bila ya kuvuka kizingiti, wakaandika kuwa malazi yanafaa kwa kuwa ni ya muda. Ya muda kwa nani? Barabara huisha, lakini kibarua huhamia barabara nyingine, na kontena lile lile likamtangulia juu ya lori. Tulikuwa naye mzee aliyehesabu umri wa wanawe kwa majina ya kambi.

Kontena, kwa hiyo, silioni na kosa. Liezekewe makuti juu ya bati na kuachwa nafasi ya upepo kati, litobolewe madirisha mawili yanayotazamana, vitanda vipunguzwe nusu, nalo litakaa na mtu kwa wema. Hayo yote yalikuwamo katika orodha ya vifaa iliyopita mezani kwangu, mstari baada ya mstari, na yote yalikuwa yamefutwa kwa wino mwekundu. Mwenye kalamu ile sikupata kumwona, na sifa zilizonibakia ni haki yake yeye. Nami nimezipanga kama alivyotupanga, nane katika chumba cha sentensi moja, mlango mmoja, dirisha hakuna: ni mwekevu, mwerevu, mpole wa maneno, mwepesi wa hesabu, mzito wa kusikia, hodari wa kufuta, mvivu wa kuzuru, na mwenye usingizi mwema.