Namna ya Kumnyima Mgeni Waifai Bila Kuzima Ruta

Kuchomoa waya wa ruta anaweza mtu yeyote. Hiyo ni roho mbaya ya kitoto, na mgeni ataigundua kabla hajavua viatu. Mwongozo huu ni wa mmiliki wa gesti ya Kiwira anayetaka hujuma yenye heshima: taa za ruta ziwake zote, alama ya waifai ijae kwenye simu, bando liwe limelipiwa, na bado dereva anayeelekea Kasumulu ashindwe kumtumia mkewe picha ya mkungu wa ndizi.

Kwanza ujue unachokiharibu. Simu inapoingia kwenye mtandao wako haina anwani, kwa hiyo inapaza sauti: nani anagawa anwani hapa? Ndani ya ruta kuna kijiseva kinachojibu: ipo hii, unaitaka? Simu inasema naitaka. Kijiseva kinamaliza: haya, ni yako mpaka muda fulani. Maneno manne tu, na yote huisha kabla mgeni hajaweka begi chini. Utaratibu huo unaitwa DHCP. Ralph Droms aliuandika mwaka 1993 na kuurekebisha mwaka 1997.

Zingatia hayo maneno ya mwisho, "mpaka muda fulani". Anwani haitolewi zawadi, inakodishwa kama chumba. Na kwa kukodisha vyumba, nani akufundishe wewe? Saa nne asubuhi ikigonga na mgeni hajatoka, wewe na ufunguo wa akiba mko mlangoni. Basi kwenye ruta fanya kinyume kabisa. Fungua ukurasa wa mipangilio, tafuta palipoandikwa Lease Time, kisha weka siku nane. Usione haya, kuna seva za maofisini zinazokuja na siku hizohizo nane kutoka kiwandani. Huko zinafaa, maana wafanyakazi ni walewale kila Jumatatu.

Sasa piga hesabu ufurahi. Tuseme una vyumba 12, na kila mgeni ana simu mbili, ya kazini na ya nyumbani. Hizo ni anwani 24 kwa usiku mmoja. Ruta nyingi za bei nafuu huwa na fungu la anwani 100 za kugawa. Siku nne zinakula 96. Usiku wa tano mgeni wa tatu kufika anaingia, anaandika neno la siri bila kosa, na simu inamwandikia "Inapata anwani ya IP" mpaka usingizi umchukue. Vyumba viko wazi, lakini kwenye daftari la ruta gesti imejaa watu waliokwisha kuvuka mpaka wa Malawi. Simu haziagi zinapoondoka. Kwa kawaida simu huomba kuongezewa muda nusu ya mkataba inapofika. Nusu ya siku nane ni siku ya nne, na siku hiyo dereva wako yuko Lilongwe akitumia waifai ya mwenzako.

Ukiona mambo hayaharibiki upesi, ipe waifai yako majina mawili, la Juu na la Chini, kwenye ruta ileile. Simu za kisasa, tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, hujitungia utambulisho wa kubuni kwa kila jina la mtandao, ili mwenyewe asifuatiliwe. Mgeni akijaribu la Juu kisha la Chini, kijiseva kinaandika wageni wawili. Mtu mmoja, vitanda viwili, na hulipwi hata kimoja.

Kwa wenye haraka zaidi ipo ruta ya pili. Inunue Mbeya mjini, ichomeke kwenye ile ya kwanza, na usizime ugawaji wake wa anwani. Hapo una mapokezi mawili yasiyosalimiana, kila moja likigawa funguo za vyumba vilevile. Kisha kamera ya ulinzi iandikie kwa mkono anwani iliyo katikati ya fungu la wageni. Siku moja anwani hiyo atapewa mhubiri wa chumba namba 7, na wewe utaona kamera inapotea kila anapofungua simu yake. Usimshuku mapema, subiri mpaka afike kwenye maombi.

Mvua za Rungwe na umeme ni wasaidizi wasiolipwa. Ruta nyingi za bei rahisi zikizimika husahau daftari lote, kwa hiyo zikiwaka tena zinagawa upya bila kukumbuka nani alikuwa na nini. Ndiyo sababu ukizima na kuwasha, mambo hutengemaa kwa siku chache, nawe unapata jina la fundi mtaani. Mgeni akilalamika, mwambie ni mnara. Minara haijitetei.

Usisingizie uhaba pia. Ni kweli anwani za umma za mtindo wa zamani ni bilioni 4.3 tu duniani, na AFRINIC, shirika linalozigawa Afrika kutoka Mauritius, liliingia hatua ya mwisho ya akiba yake Januari 2020. Lakini zako, zinazoanza na 192.168, ni za ndani, za bure. Kila gesti kuanzia Uyole mpaka Kasumulu inaweza kuzitumia zilezile bila kugombana na jirani.

Siku utakapochoka kuitwa mwizi wa bando, weka saa mbili pale palipokuwa na siku nane, ondoa kamera kwenye fungu la wageni, na zima ugawaji wa ruta ya pili. Ni kazi ya muda mfupi, na huhitaji kumwita mtu kutoka Mbeya.