Muulize Shangazi wa Nengo: Dakika Tano za Namek

Tangu mtoto wa kaka yangu asahau flashi yake kwenye televisheni yangu hapa Nengo, Rwanda, nimemaliza mwaka mzima nikitazama katuni za Japani za zamani, zile zilizotoka kabla hata hajazaliwa. Habari zimevuja. Barua za mahari na mawifi zimekatika kabisa, na sasa naulizwa haya.

*Shikamoo Shangazi. Mume wangu anatazama Dragon Ball Z. Nikimwita mezani anajibu "dakika tano". Sambaza, samaki wadogo wa kukaanga, zinapoa, watoto wanalala, yeye bado. Nirudi kwetu? — Mwenye Sambaza Baridi*

Marahaba mwanangu. Kabla hujafunga mzigo, muulize amefika wapi. Kama yuko sayari ya Namek, basi hakudanganyi, naye kadanganywa. Adui Frieza anatangaza kwamba sayari italipuka baada ya dakika tano, halafu yeye na shujaa Goku wanapigana vipindi karibu kumi. Nimevitazama vyote, Mungu anisamehe. Wanaume wawili wanakodoleana macho, upepo unavuma, kokoto zinapanda hewani zenyewe, mmoja anakoroma, muziki wa mwisho unaingia. Tukutane wiki ijayo.

Sababu yake ni ya kawaida tu. Akira Toriyama alikuwa akichora hadithi kila wiki katika jarida la Shonen Jump, na studio ya Toei nayo ilitakiwa kutoa kipindi kila wiki. Runinga ikamkuta mchoraji hajamaliza. Wangefanyaje? Wakavuta muda, na ndiyo njia moja ya kufikisha vipindi 291, kuanzia 1989 hadi 1996. Mwaka 2009 walirudi wenyewe na mkasi wakatoa toleo lililopunguzwa, Dragon Ball Kai. Mtafutie mumeo hilo, atawahi kula. Au mrudishe kwenye Dragon Ball ya kwanza, ya 1986, yenye mtoto wa mkia anayetembea porini bila haraka wala kelele. Mimi ile ndiyo niliyoipenda. Sambaza nazo zikaange upya, usimpe zilizopoa. Adhabu hiyo ni yako kuliko yake.

*Shangazi, nimepanga chumba uani. Mwenye nyumba ni mjane, bado kijana, ana mbwa mmoja mkali. Nimempenda. Mtihani wa chuo nimefeli na kodi ya mwezi huu sijalipa. Nimwambie? — Mpangaji wa Mbugangari*

Kijana, umeniandikia barua au umenakili katuni ya Maison Ikkoku? Kijana wa humo, Godai, naye alifeli mtihani wa kuingia chuo, naye alikaa chumba cha kupanga, naye alimpenda Kyoko, mjane anayesimamia nyumba yenyewe. Mbwa yupo pia, tena anaitwa kwa jina la marehemu mume. Hebu fikiria unaita mbwa aje kula, na mwanamke unayempenda anageuka na kunyamaza.

Hadithi ni ya Rumiko Takahashi, katuni yake ilirushwa 1986 hadi 1988, vipindi 96, na katika hivyo 96 kijana anajikwaa kila mahali. Anamtangazia mapenzi akiwa amelewa, usiku, kwa sauti iliyoamsha mtaa. Barua zinapotea, simu ni moja ya nyumba nzima, na majirani wanaingia chumbani kwake bila hodi kunywa pombe. Wenye haraka watakwambia hayo yote yangemalizwa na ujumbe mmoja wa WhatsApp. Sikubaliani nao. Hapa hakuna aliyevuta muda kusubiri mchoraji. Muda wenyewe ndio unaofanya kazi: Godai anapata kazi, anaipoteza, anaanza kulea watoto wadogo na kugundua kwamba hapo ndipo mikono yake inapoweza, na Kyoko anafagia uwanja msimu baada ya msimu, amevaa aproni yenye kifaranga kifuani, mpaka siku moja unaona anafagia huku akitazama barabara anayorudia Godai. Mwishoni, anapoombwa kuolewa, mjane yule ana sharti moja tu: mume huyu wa pili aishi kumzidi yeye, hata kwa siku moja. Nilizima televisheni nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Kwa hiyo jibu langu: lipa kodi kwanza. Usimwambie ukiwa umelewa. Mbwa mpe mfupa.

*Shangazi, mimi ni msimulizi wa agasobanuye, zile filamu za kigeni zinazosimuliwa kwa lugha yetu. Nilitafsiri Evangelion yote, wateja wakafurahi, ila vipindi viwili vya mwisho vilinishinda. Wanadai hela zao. — Sauti Imekauka*

Pole. Kazi yako naiheshimu. Ni ileile iliyompa jina Lufufu kule Tanzania na inayompa mkate DJ Afro kule Kenya, na Yanga aliifanya hapa kwetu watu wakacheka hadi kwenye filamu za msiba. Lakini hata Yanga angekohoa hapo. Vipindi 24 unapewa mashine kubwa kama majengo zikipigana na viumbe kutoka mbinguni, halafu cha 25 na 26 mtoto Shinji anakaa kwenye kiti gizani na kujiuliza yeye ni nani, picha zinageuka michoro ya penseli, na mwisho wote wanamzunguka, wanampigia makofi na kumpongeza. Hayo yalirushwa Machi 1996. Wajapani nao walikasirika, na mwaka uliofuata mwongozaji wake, Hideaki Anno, akatoa filamu yenye mwisho mwingine, ambao haufurahishi hata kidogo.

Wateja wako waambie hivi: baba alimtelekeza mtoto, akaja kumwita akiwa na miaka 14, si kwa kumkumbatia bali kumwingiza kwenye mashine. Ukoo ungekaa kikao. Pale hawakuwa na ukoo, kwa hiyo kikao kimefanyika kichwani mwa mtoto. Simulia kama kikao. Hela usirudishe.

*Shangazi, natazama Legend of the Galactic Heroes, vipindi 110. Je, ni udhuru wa kukosa umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi? — Admirali*

Hapana. Admirali wa humo, Yang Wen-li, alitaka kuwa mwanahistoria, alichukia kuamka, alikuwa akihesabu pensheni yake huku akinywa chai yenye brandi, na bado kila akiitwa alienda. Tena ile ilitoka kwenye kanda za video zilizotumwa kwa posta, 1988 hadi 1997. Waliozisubiri kwa miaka walifagia mitaa yao. Chukua jembe. Chai ya Pfunda utaikuta ukirudi, brandi ni juu yako.

*Shangazi, wanangu wameona Olive et Tom, ile katuni ya mpira wa miguu. Mmoja analala chini mchangani, mwenzake anarukia miguu yake ili apige kichwa angani. Mkono umevunjika. — Mama Mapacha*

Wapeleke kwa daktari, kisha waonyeshe uwanja wenyewe: mtoto anakimbia na mpira kipindi kizima na goli halijaonekana, limejificha nyuma ya mviringo wa dunia. Wakishakimbia hivyo ufukweni mpaka mpakani na kurudi, hawatakuwa na nguvu za kuruka.

Barua nyingine wiki ijayo. Wanaouliza One Piece iliyoanza 1999 itaisha lini, waniandikie pamoja na anwani ya wajukuu wao, ndio watakaopelekewa jibu.