Tela Linapokuendesha

Baiskeli ya mkaa imenipita mlimani. Si bodaboda, baiskeli: magunia mawili, na mwenyewe anaisukuma kwa miguu. Alipofika usawa wa dirisha langu akapunguza mwendo ili tusalimiane vizuri. "Pole, mkubwa. Naona tela linakuendesha." Masikio yananiwaka mpaka sasa.

Nyuma yangu, juu ya tela, kulikuwa na simtanki ya lita 2,000, imejaa pomoni, inatoka Kibaha kwenda Kisarawe kwenye arusi ambako bomba lilikuwa limekauka. Kamati ya shughuli ilishakata shauri: pikapu ni gari la kazi, na gari la kazi haliulizwi uzito. Tangi wakaliweka mbele kabisa ya tela, eti lisidondoke. Kwenye mwinuko, pua ya pikapu ikainuka kama mbuzi anayefuata majani ya juu. Nakata usukani kushoto, gari linanyooka. Nakata kulia, linanyooka. Shangazi wa bwana arusi, aliyeketi kando yangu na sufuria mapajani, alisoma Ayatul Kursi, akaomba kushuka, akatembea. Akafika kabla yetu.

Hesabu ya mzigo huo inavutia kuliko arusi yenyewe. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tulibeba tani mbili kabla ya kuhesabu chuma cha tela. Hilux mpya za dizeli zinazouzwa Ulaya, nyingi zinaruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500, na hapo ndipo kamati huacha kusoma. Kilo hizo ni za tela lenye breki zake. Lisilo na breki mwisho ni 750, maana breki za pikapu peke yake ndizo zitakazosimamisha vyote viwili. Tena, ukizidisha mwendo mara mbili, nishati ya kuzuiwa inakuwa mara nne. Kisha kuna kikomo cha gari na tela kwa pamoja: toa uzito wa gari, toa abiria, toa sufuria ya shangazi, kinachobaki ndicho cha tela. Katika vikomo vyote, kilicho kidogo ndicho kinachotawala.

Utamu zaidi uko kwenye ndoano. Ndoano iko nyuma ya ekseli, basi gari zima linageuka mizani. Chukua mita 3 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na ndoano mita 1.2 nyuma zaidi. Kilo 600 zikiikalia ndoano, ekseli ya nyuma inaongezewa 840, na ya mbele inapokonywa 240. Usukani wangu haukuwa mbovu. Ulikosa uzito wa kuufanyia kazi. Wajuzi husema ndoano ibebe kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela. Ikipungua sana, tela linaanza kutikisa mkia barabarani.

Njiani, pale Maili Moja, tela lilichomoka, likaparamia genge la machungwa, nikalipa machungwa.

Ila hapa kicheko kinakwama. Malori yana mizani Vigwaza, na hupimwa ekseli kwa ekseli. Pikapu na tela lake dogo hakuna anayevipima. Tela limechomelewa kando ya barabara, halina breki wala kibati cha uzito. Fundi aliuliza rangi tu. Kibati cha gari, kama hakijakwanguliwa, ni cha Kijapani. Aliyenisimamisha njiani alikagua leseni, pembetatu na mtungi wa kuzimia moto, akanitakia safari njema. Juu ya mzigo walikaa vijana wanne wa kupakua. Kilo zao hazimo kwenye hesabu ya mtu yeyote, na tela likipinduka wao ndio watakaokuwa chini yake.

Kugonga tarakimu mbili kwa patasi kwenye mkono wa tela, uzito wake mtupu na mwisho wa mzigo, ni kazi ya dakika chache. Fundi anayo patasi. Hajawahi kuambiwa ni lazima.