Marudio

Kwa muda wa miaka 14 nilifundisha jiografia katika shule moja ya sekondari mkoani Shinyanga, na kila ilipofika zamu ya somo la madini niliwasimulia wanafunzi, kwa sauti ya mtu aliyekuwapo, jinsi John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, alivyogundua almasi za Mwadui mwaka 1940. Hali ya kuwa jiwe pekee nililopata kulimiliki mimi ni lile nililoegemezea mlango wa darasa usipigwe na upepo. Mtu akiusimulia utajiri wa wenzake muda mrefu kiasi hicho, hatimaye nafsi humwuliza kwa nini yeye ni msimulizi tu. Na nafsi yangu, ambayo haikujaliwa subira, iliuliza hivyo kila tarehe ya mshahara.

Nikaazimia kubadili kazi kwa njia ya elimu. Ile shahada ya uzamili ya uendeshaji wa biashara, ambayo Chuo Kikuu cha Harvard kiliianza mwaka 1908, na ambayo baada ya safari ndefu imefika hata kwetu katika madarasa ya jioni na ya Jumamosi, niliilipia kwa mkopo wa SACCOS na kwa bei ya ng'ombe wawili. Baba mkwe, Msukuma wa kale ambaye hesabu zake zote zina kwato, alinisikiliza kwa utulivu, kisha akauliza: "Mwanangu, ng'ombe hawa huzaa. Shahada hiyo huzaa nini?" Nilimjibu kwa maneno manne ya kigeni niliyojifunza wiki ile, naye akatikisa kichwa kwa taadhima, kama watu watikisavyo vichwa msibani.

Nilipohitimu niliacha kazi. Siku ya kuagana, kwa ghururi ya mtu anayehamia mjini, nilimpa mwalimu mmoja kijana madaftari yangu yote ya maandalio, 14 kwa idadi, nikamwambia akipenda ayawashie moto wa chai.

Kampuni moja kubwa ya uchimbaji ikaniita kwenye usaili. "Umepata kushuka chini ya ardhi?" wakaniuliza. Nikajibu kwa unyofu wa mwalimu: "Mara nyingi, kwa ramani." Wakacheka wote watatu, na kicheko hicho ndicho jibu pekee nililolipata kwao mpaka leo.

Basi mwaka 2019, mwaka ule ule lilipofunguliwa soko la madini la Geita, nikavuka kwa kivuko cha Busisi nikiwa na mpango wa biashara wa kurasa 31. Nilinunua viroba 40 vya mawe kwa wachimbaji wa Nyarugusu, nikavipeleka kwenye karasha la mama mmoja ambaye hakuwa na mpango ulioandikwa. Alikuwa na kanga, simu ya tochi na kumbukumbu. Mawe yakasagwa yakawa unga, unga ukapitishwa kwa maji juu ya mwalo uliotandikwa magunia, zebaki ikaikamata dhahabu, na moto ukaifukuza zebaki kwa mvuke wa sumu, nami, msomi pekee mahali pale, nilisimama upande uendako upepo, hata vijana wakanivuta kwa shati. Mwisho kikabaki kipande ambacho, ningalikiweka juu ya mpango wangu, kingalidhaniwa ni nukta.

Mama akaniuliza: "Mwalimu, na marudio yako utayafanyaje?" Marudio ni ule udongo uliokwisha kuoshwa. Nikamhutubia kwa takriban robo saa, nikimweleza kuwa maarifa ya tijara yanamtaka mfanyabiashara ashike kiini cha kazi yake na kuachana na taka. Nikamwachia lundo lote bure, na fauka ya hayo nikawalipa vijana wawili walisogeze upande wake lisimzibie njia. "Mungu akuzidishie, Mwalimu," alisema, akajifunika uso kwa kanga. Nami nikadhani analia.

Sokoni dhahabu ikapimwa, ukakatwa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, nikalipa deni la mawe, usafiri na vibarua, nikabaki na nauli ya kurudi Shinyanga, wala chai ya njiani haikuwamo.

Miezi sita baadaye nilipita tena pale nikakuta nyumba mpya ya bati inang'aa nyuma ya karasha. Nilipouliza siri yake, mama hakunificha. Zebaki, alisema, hukamata sehemu tu ya dhahabu, aghalabu isiyofika nusu. Iliyobaki hulala katika marudio, ikingoja kutolewa kwa sianidi katika matangi. "Marudio ndiyo mali, Mwalimu. Ile mnayoondoka nayo ni nauli." Nikamwuliza kama siku ile alikuwa akilia kweli. "Nilikuwa nacheka," akasema, "ila kwa kukuheshimu nilijifunika."

Nikarudi shuleni kuulizia kazi, nikamtafuta yule mwalimu kijana. Madaftari yangu 14 alikuwa ameyageuza vitini, ambavyo hununuliwa na kila mtahiniwa wa Kidato cha Nne, naye amefungua twisheni yenye wanafunzi hata wa kusimama dirishani. Alinipokea kwa adabu kamili, akanipa kiti na chai iliyochemshwa kwa gesi, kisha akanipa kazi: jioni mbili kwa wiki, nifundishe kwa madaftari yangu mwenyewe, malipo kwa kipindi. Nikakubali. Baba mkwe amepata habari, ila bado anangoja jibu la swali lake.

Nawe msomaji uliyeazimia kubadili kazi, soma, wala sikukatazi. Lakini kabla hujaimwaga ile ya zamani, ipeleke kwanza kwa mama wa karasha akutajie bei.