Kijiko Kimo Katika Kifuko Kipi?

Shanta ya vipande, yaani mkoba wa mgongoni ambao mwenyewe huuongezea au kuupunguzia vifuko kadiri apendavyo, ni chombo kilichobuniwa kumwondolea binadamu usumbufu, na kwa kiasi kikubwa kimefaulu kuuhamishia usumbufu huo mahali ambapo mikono yake haifiki. Asili yake ni jeshini. Mwaka 1997 jeshi la Marekani lilianza kutumia mfumo uitwao MOLLE, ambao msingi wake ni safu za mikanda ya nailoni yenye upana wa milimita 25, zilizoachana kwa milimita 25 nyingine na kushonewa kila baada ya milimita 38, ili ulimi wa kifuko upenyezwe chini ya mkanda wa shanta, kisha chini ya mkanda wa kifuko chenyewe, kisha urudi tena kwenye shanta, mfano wa msuko wa ukili, mpaka viwili hivyo vishikamane. Askari aliuhitaji mpangilio huo kwa sababu zinazoeleweka, kwani mganga wa kikosi hubeba bandeji na mpiga bunduki hubeba risasi, na wote wawili wakipewa mkoba wa aina moja, kila mmoja huupanga kwa mujibu wa kazi yake. Raia anayekwenda kulala usiku mmoja msituni hana kazi ya namna hiyo, lakini mikanda anayo, na mkanda mtupu humkera.

Kwa hiyo hununua kifuko cha chupa, cha kisu, cha dawa, cha betri, na cha dira ambayo hajui kuisoma, na kwa kuwa kila kimoja ni chepesi kinapopimwa peke yake, hujiona mtu wa kiasi. Akikosa subira ya kusuka ulimi ipasavyo, akaruka mkanda mmoja kati ya miwili, kifuko huning'inia na kumpiga pajani kwa kila hatua. Akikisuka vizuri, kichaka chenye miiba hukishika pamoja naye. Chupa hukaa nyuma ya kiuno, mahali panapopendeza sana dukani, hata kunywa maji kukawa ni shughuli ya kuvua shanta nzima au ya kumsihi mwenzake, ambaye naye ana chupa yake nyuma ya kiuno.

Msiba wenyewe, hata hivyo, husubiri usiku. Ili kukipata kijiko, mpiga kambi anahitaji tochi. Tochi imo katika kimojawapo cha vifuko vinavyofanana kwa rangi, umbo na ukubwa. Na ili kukitambua kifuko hicho anahitaji tochi. Hapo huanza upapasaji, ambao haufanyiki kimya kwa sababu vifuko vingi hufungwa kwa velkro, kibandiko cha ndoana na vitanzi vidogo ambacho wazo lake Mswisi George de Mestral alilipata mwaka 1941, alipochunguza mbegu zenye tabia ya kishonanguo zilizong'ang'ania manyoya ya mbwa wake. Mbegu zile zilikuwa na adabu ya kubanduka bila kelele. Velkro hupasua usiku, na baada ya kifuko cha tatu kambi nzima hufahamu kwamba kuna mtu hajala.

Mtu anaweza kudhani kwamba mateso haya ndiyo gharama ya safari ndefu. Lakini mwaka 1955 Emma Gatewood, bibi wa miaka 67 kutoka Ohio, aliitembea njia ya Appalachian, zaidi ya kilomita 3,200 kutoka Georgia hadi Maine, akiwa na mfuko mmoja wa kitambaa cha dengrizi alioushona mwenyewe na kuutupia begani, ndani yake akiwa na blanketi na pazia la plastiki la bafuni la kumkinga na mvua. Mfuko huo haukuwa na cha kuongezewa, wala hakuna shaka kijiko kilikuwa wapi. Warithi wake katika njia hiyohiyo hufika Neel Gap, yapata kilomita 50 tu tangu mwanzo, ambako lipo duka ambalo watu wake wamezoea kuwamwagia wasafiri shanta zao sakafuni na kuwasaidia kurudisha nusu ya vitu nyumbani kwa posta.

Katika malango ya Kilimanjaro, ambako mizigo hupitishwa kwenye mizani kwa kuwa mgumu, kama mpagazi wa mlima huo aitwavyo, hapaswi kubebeshwa zaidi ya kilo 20, shanta ya vipande hupata hatimaye fursa ya kudhihirisha uhodari wake. Mizani ikikataa, vifuko hubanduliwa kimoja kimoja, kazi isiyokwenda haraka kwa kuwa kila ulimi lazima uchomolewe katika mikanda yote uliyopitishwa, huku wagumu wakitazama kwa heshima ambayo si lazima iwe pongezi. Vilivyobanduliwa haviachwi langoni, kwani vimelipiwa. Hufungwa kwenye mkoba mdogo ambao mgeni ataubeba mwenyewe hadi kileleni, na ambao, kwa bahati, nao una mikanda.